Dole Gumba

Nilimchora shangazi Nkwimba akianika dagaa Igombe,
mgongo umepinda kama mpini wa jembe.
Mikono miwili tu ndiyo niliyoitia rangi,
kilichobaki chote mkaa.
Usiku wanne. Na wa tano kuufuta ule wa kushoto
ulionigomea.

Kisha nikaipandisha picha mtandaoni.
Kabla haijapokewa yakaja maandishi,
mafuriko ya maandishi, herufi kama mayai ya chawa.
Nikayapitisha mbio kwa kidole kimoja
kama mtu anayepita kwenye msiba usiomhusu,
hadi chini kabisa, kwenye kisanduku:
Nakubali.
Nikabonyeza. Bando lilikuwa linakwisha.

Miezi minane.
Makoroboi, duka la mashuka,
mikono ya shangazi imetandazwa juu ya godoro,
sita kwa sita, foronya mbili za bure.
"Elfu thelathini na tano, dada. Rangi haichuji."
Nikapapasa.
Pembeni, pale nilipokuwa nimetia jina langu,
pamekatwa, pakapindwa kwa uzi wa bluu.
Nikamwambia, kaka, hii picha ni yangu.
Akacheka kwa upole:
"Ukilipa, ni yako."

Tukapatana thelathini.

Usiku huo nikarudi kwenye yale maandishi,
nikasoma kama anayechambua wavu uliochanika.
Yalikuwapo. Hakuna aliyenificha.
Kwamba picha ni yangu, naam, na itabaki yangu,
ila wao wanayo ruhusa
kuitumia, kuinakili, kuikata, kuibadili,
na hiyo ruhusa yenyewe kuwauzia wenzao,
dunia nzima, bila malipo, milele,
bila kuniuliza.
Ng'ombe ni wangu, basi.
Maziwa, ndama, ngozi, hata mbolea, vyao.

Shangazi hajui kusoma.
Mwaka ule wa pamba karani alimletea karatasi na wino:
"Tia dole hapa, mama, wenzako wote wameshatia."
Akalikunja dole gumba ndani ya ngumi.
"Soma."
Karani akasoma.
"Rudia."
Akarudia, na alipofika kwenye *na wengineo* akakatizwa:
"Hao wengineo ni akina nani? Wanakaa wapi?"
Foleni ikaguna, kivuli kikahama ukuta,
mpaka karani akalifuta lile neno kwa kalamu yake mwenyewe,
ndipo ngumi ikafunguka.

Mimi nina stashahada.

Jumapili nikaenda Igombe na shuka na simu,
nikamsomea yote, kuanzia juu.
Lugha ilikuwa ya mahakamani;
nikawa naivunjavunja kwa Kisukuma changu cha mjini
naye akinirekebisha.
Tulianza mawe yakiwa bado ya moto.
Tulipofika nusu, taa za wavuvi zilikuwa zimeshapangana ziwani.
"Dunia nzima," nikasoma.
"Hata Ukerewe?"
"Hata Ukerewe."
"Na milele ni mpaka lini?"
Kipengele hakikusema.
Betri ilikuwa imebaki asilimia tatu.

Akalivuta shuka magotini,
akaipima mikono ile kwa mikono yake,
akaligusa kovu la ndoana,
lile nililojivunia jinsi nilivyolipatia.
Akaniangalia.
"Na wewe," akasema, bila hasira, akipukuta magamba,
"siku ile uliponichora,
mimi dole nilitia wapi?"

Nilifungua mdomo.
Manyunyu yakaanza, yale ya ghafla ya kutoka ziwani,
tukakimbilia dagaa, tukawafunika kwa lile shuka,
ncha nne, mawe manne.
Likatosha.

Asubuhi nilikwenda kulitazama.
Rangi haikuwa imechuja.